Vishikwambi sugu kwa mafundi wa laini: kinachoviua Kigoma na Tabora, na jinsi ya kuchagua

Swali: *Nasimamia timu za mkandarasi mdogo wa umeme vijijini, makao yetu Kasulu. Tuna Land Cruiser mbili, lori moja la kubebea nguzo na wakaguzi wawili wa pikipiki. Kazi inatufikisha Uvinza, na mara nyingine Urambo na Kaliua. Vishikwambi vya kawaida vitano vimetufia ndani ya mwaka mmoja. Muuzaji wa Dar anasema tuchukue vya "kijeshi", eti hivyo havifi. Ni kweli? Tuchukue vya aina gani, vingapi, na tutafanyaje huko kusiko na mtandao?*

Ndugu, kabla hujamtumia huyo muuzaji hata shilingi, vitoe vile vitano kwenye droo uvikague kimoja kimoja. Andika kila kimoja kilikufa kwa nini: kioo kimepasuka, tundu la chaji limelegea, betri imevimba, maji yameingia, au kipo kizima ila aliyekiwekea neno la siri ameacha kazi. Kwa kazi ya laini za umeme, kioo kilichopasuka si lazima kiongoze orodha. Tundu la chaji na betri hushindana nacho vizuri sana. Kama vitatu kati ya vitano vimekufa kwa tundu la chaji, kifaa cha "kijeshi" kinachochajiwa kwa waya uleule wa USB kitakufa kifo kilekile, ila kwa bei mara mbili au tatu.

Hilo neno "kijeshi" linatokana na kiwango cha Marekani kinachoitwa MIL-STD-810, na toleo H ni la mwaka 2019. Hakuna ofisi inayotoa cheti cha kiwango hicho. Mtengenezaji huchagua vipimo anavyovitaka kati ya vingi vilivyomo, anavifanya mwenyewe au analipia maabara, kisha anapiga chapa kwenye boksi. Kipimo cha kudondosha ndicho kinachotangazwa zaidi: kifaa huangushwa mara 26, yaani nyuso 6, kingo 12 na pembe 8, kutoka sentimita 122, mara nyingi juu ya mbao zilizolazwa kwenye zege. Wengi hawajui kwamba kiwango kinaruhusu mianguko hiyo 26 igawanywe kwa vifaa visivyozidi vitano. Kwa hiyo kile utakachouziwa hakijaahidiwa kuvumilia yote 26, na changarawe za barabara ya Uvinza hazikuwepo kwenye kipimo. Muulize muuzaji mambo matatu kwa maandishi: urefu wa kudondoka ni upi, kifaa kilikuwa kimevaa jaketi lake au kitupu, na kilikuwa kimewashwa au kimezimwa. Vingine hufikia urefu unaotangazwa vikiwa ndani ya jaketi tu, na jaketi linauzwa peke yake.

Kuhusu maji na vumbi, angalia herufi IP na tarakimu mbili zinazofuata. Ya kwanza ni vumbi, na 6 maana yake haliingii kabisa. Hapo usikubali pungufu, maana vumbi jekundu la kiangazi ni laini kama unga. Ya pili ni maji: 5 ni maji ya kurushwa kwa mpira, 7 ni kuzama hadi mita moja kwa dakika 30. Usidhani 7 inaibeba 5 ndani yake. Kifaa kilichoandikwa IP67 peke yake kimepimwa kwa kuzamishwa, hakikupimwa kwa maji ya kasi, na kijana anayeosha gari kwa mashine anaweza kukiua. Ukiona IP65/IP67 pamoja, hapo vyote viwili vimepimwa. Vipimo vyote hufanywa kwa maji safi na vifuniko vya mpira vikiwa vimefungwa. Kifuniko kikikatika, namba ya IP haina maana tena. Na mkifanya kazi karibu na chumvi ya Uvinza, kifaa kikiloweka maji ya chumvi kifutwe kwa kitambaa chenye maji safi siku hiyohiyo, kikauke, ndipo kichajiwe. Chumvi ikikutana na umeme wa chaji hula pini haraka.

Kioo ni cha kupima kwa macho yako, saa saba mchana, nje ya duka. Mwanga wa kioo hupimwa kwa niti. Kompyuta ya ofisini huwa na 250 hadi 300, na huko porini hutaona kitu. Tafuta kuanzia 600. 800 hadi 1,000 ni raha, ila betri italipia. Kioo kilichogandishwa moja kwa moja na paneli yake, bila nafasi ya hewa katikati, husomeka vizuri zaidi juani kuliko chenye mwanga mkubwa lakini kinachoakisi uso wako. Programu nayo iwekwe mandhari meupe na mistari minene. Yale mandhari meusi yanayopendwa na vijana hugeuka kioo cha kujitazamia ukiwa juani.

Ukisikia "kinafanya kazi ukiwa na glavu", fahamu wanasema glavu nyepesi za kazi. Glavu za mpira za kuhami umeme, za daraja 0 zinazotumika hadi volti 1,000 au za daraja 4 zinazofika volti 36,000, si za kubonyezea kioo. Kipande cha chuma au changarawe kwenye kona ya kifaa kinaweza kutoboa tundu ambalo macho hayalioni. Aliyevaa glavu hizo hashiki kifaa, na aliyeshika kifaa hagusi laini.

Sasa chaji, ambako ndiko fedha nyingi hupotelea.

Kishikwambi sugu cha inchi 8, mfano Samsung Galaxy Tab Active5, kina betri ya mAh 5,050 inayotoka kwa mkono. Zidisha kwa volti 3.85, unapata kama saa-wati (Wh) 19. Kioo kikiwa na mwanga wa juu, GPS imewashwa na simu inahangaika kutafuta mnara, kifaa kinaweza kula wati 5. Ni saa nne hazifiki. Kwa hiyo jambo la kwanza ni la bure: timu ikishaingia pori lisilo na mnara, weka kifaa hali ya ndege. GPS inaendelea kufanya kazi, ila mara ya kwanza inaweza kuchukua dakika chache kupata satelaiti kwa sababu haisaidiwi na intaneti. Kiwashe uwanjani mapema, kisubiri wakati mafundi wanashusha vifaa.

Kwenye gari, achana na tundu la kuwashia sigara. Mtikisiko wa barabara hulegeza plagi, plagi iliyolegea hupata moto, na chaji inayokatika na kurudi mara mia kwa safari huchosha kifaa na adapta pia. Funga kitako cha kuchajia chenye pini zinazogusa mgongo au tako la kifaa, ili tundu la USB lifunikwe na lisahaulike. Vuta waya wake moja kwa moja kutoka kwenye betri ya gari. Kitako cha wati 60 kwenye volti 12 kinavuta kama ampea 6 ukihesabu upotevu wa adapta. Kwa umbali wa mita 3, waya wa milimita za mraba 2.5 unapoteza robo ya volti, kwenda na kurudi. Waya mwembamba wa 0.5 unaouzwa kwenye maduka ya redio unapoteza volti moja na robo, na hapo ndipo kifaa kinaonyesha alama ya chaji huku asilimia zinashuka. Fyuzi ya ampea 10 ikae karibu na betri, ndani ya sentimita 20, maana kazi yake ni kulinda waya usiunguze gari. Pitisha umeme kwenye rilei inayowashwa na swichi ya gari, la sivyo kesho asubuhi mtasukuma Land Cruiser.

Lori lenu la nguzo lipime kwanza kwa mita, kwa sababu malori mengi ni volti 24. Adapta ya volti 12 tupu ukiifunga hapo inaungua papo hapo. Chukua adapta inayopokea volti 10 hadi 32, itafaa magari yote matatu na mtaweza kubadilishana. Msithubutu kuiba volti 12 kutoka kwenye betri moja kati ya mbili za lori. Betri hiyo itakuwa na njaa daima, mwenzake atajazwa kupita kiasi, na ndani ya miezi mtanunua zote mbili.

Wakaguzi wa pikipiki wana habari nyingine. Usifunge kishikwambi kwenye usukani. Mtikisiko wa injini huharibu kamera zenye lenzi inayocheza ili kutuliza picha, na hulegeza pini za ndani. Kikae kwenye begi la mgongoni, kimeelekezwa kioo upande wa mgongo, na simu ndogo ndiyo ioneshe njia. Kwa hao wawili, betri ya akiba iliyojazwa usiku inashinda pawabenki, kwa kuwa hubadilishwa kwa dakika moja bila waya.

Joto linaua polepole. Gari lililofungwa juani, dashibodi yake hupita nyuzi 70 za Selisiasi, na betri nyingi za lithiamu hukataa kuchajiwa zikizidi nyuzi 45. Septemba na Oktoba, Urambo na Kaliua, mafundi watakuambia "kioo kinafifia chenyewe" au "hakichaji". Si ubovu, kifaa kinajilinda. Kitako kisifungwe juu ya dashibodi chini ya kioo cha mbele. Kiwe chini, karibu na gia, panapopita hewa. Kifaa kilichopata moto kiwekwe kivulini. Kukiweka kwenye deli lenye barafu la soda ni kukaribisha unyevu ndani. Kama kinashinda kwenye kitako, weka kikomo cha chaji asilimia 80 au 85 kwenye mipangilio. Betri ikianza kuinua kioo au mfuniko wa nyuma, itoe kazini siku hiyo, usiitoboe wala kuikandamiza.

Kuhusu mtandao: chagua programu inayofanya kazi yote ndani ya kifaa na kupeleka data baadaye. Ukiambiwa "inahitaji intaneti kidogo tu wakati wa kuhifadhi", usiinunue. Kwa kampuni ndogo, programu za ramani za QGIS ofisini na QField kwenye vishikwambi vya Android zinatosha, na zote ni za bure. Unatayarisha ramani na fomu ofisini, unazipakia kwenye kifaa, timu inajaza nguzo, transfoma na mita, na jioni data inarudi kwa waifai ya ofisi.

Ramani za picha za satelaiti zipakie kwa akili. Katika ukuzaji wa ngazi ya 18, kipande kimoja cha ramani hufunika kama mita 150 kwa 150. Mkoa wa Kigoma, nchi kavu pekee, ni kilomita za mraba zipatazo 37,000. Hivyo ni vipande takriban milioni 1.6, na kwa KB 15 kila kimoja unafika GB 24. Hakuna haja. Mkoa wote upakie kwa ngazi ya 16, kama GB 1.5, kisha ngazi ya 18 iwe kwenye ukanda wa laini peke yake. Laini ya kilomita 100 yenye ukanda wa kilomita moja haizidi MB 70.

Koodineti ndizo zitakazokuumiza kichwa, na kwa Kigoma kuna sababu ya pekee. Mstari wa longitudo 30 mashariki, unaotenganisha kanda za 35 na 36 za UTM (mfumo wa koodineti unaopima kwa mita ndani ya kila kanda), unapita kati ya Kigoma mjini na Kasulu. Nguzo ya Mwanga, Kigoma, ipo kanda 35 Kusini. Ya Kasulu ipo kanda 36 Kusini. Fundi akiandika namba za UTM bila kanda, na mtu wa ofisini akachukulia zote ni 36, nguzo ya Mwanga itatokea karibu na Kondoa. Akizichukulia zote 35, ya Kasulu itaenda katikati ya Congo. Dawa yake ni kuhifadhi kila kitu kwa digrii za WGS84 (mfumo unaotumiwa na GPS), msimbo EPSG:4326, na kubadili kuwa UTM wakati wa kuchora tu. Ukipokea michoro ya zamani iliyofuata mfumo wa Arc 1960, ibadilishe rasmi ndani ya QGIS (21035 au 21036), usiisogeze kwa macho. Tofauti yake na WGS84 kwa namba za UTM ni takriban mita 300, inatosha kuhamishia transfoma kitongoji kingine.

Usahihi wa GPS ya kawaida ni mita 3 hadi 5 mahali peupe, na huharibika chini ya miombo. Kwa kuhesabu nguzo inatosha. Kinachochanganya ni nguzo pacha za transfoma na nguzo ya kona yenye mwenzake wa kuegemea, kwa hiyo kila nguzo ibebe namba yake kwenye kibati, isitambuliwe kwa koodineti pekee.

Fomu nayo ikamate makosa fundi akiwa bado uwanjani. Namba ya mita za LUKU zenye tarakimu 11 si ya kubahatisha: tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki, hukokotolewa kwa kanuni ya Luhn kutokana na kumi zilizotangulia. Ukiiweka kanuni hiyo kwenye fomu, tarakimu moja ikikosewa fomu inakataa kufungwa. Ni mstari mmoja wa kanuni, nao unaokoa safari ya kilomita 80 kurudi kusoma mita. Picha zipunguzwe hadi megapikseli 2. Picha kamili ya MB 4, mara 60 kwa siku, ni MB 240 kwa timu. Ikipunguzwa zote hazifiki 30, na bando linapumua.

Kila timu iwe na herufi yake mwanzoni mwa namba za kumbukumbu, ili A-0147 na C-0147 zisigongane zikikutana ofisini. Na mtu yeyote asirudishe kifaa katika hali ya kiwandani kabla ofisi haijathibitisha data imefika. "Kilikuwa kizito, nikakifuta" ni sentensi inayopoteza kazi kuliko mvua na vumbi. Kwa kuwa humo mna majina na simu za wateja, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu. Kwa hiyo weka neno la siri la tarakimu 6, hifadhi iliyofumbwa, na uwezo wa kukifunga kifaa kwa mbali kikiibiwa.

Usalama, kwa ufupi lakini bila mzaha. Kifaa kisipande nguzo. Kikianguka kutoka mita 9 hakitauliza kama msaidizi amevaa kofia ngumu. Picha ya juu ya nguzo ipigwe kutoka chini kwa kukuza. Na kioo kinachosema "laini imezimwa" hakijazima laini. Kibali cha kazi, kupima kwa kifaa cha kupimia umeme na kufunga nyaya za ardhini vinabaki palepale, hata programu iwe nzuri vipi.

Idadi: vishikwambi 6 vya Android vya inchi 8, vitatu vya magari, viwili vya wakaguzi, kimoja cha akiba kilichopakiwa kila kitu tayari. Betri za akiba 4, mbili za wakaguzi na mbili za kuzunguka kwenye magari. Vitako 3 vya gari. Kama mna fundi anayeweka mipangilio ya rilei za ulinzi au kusoma mita kubwa kwa kichwa cha mwanga (kisomaji kinachobandikwa kwenye mita), huyo anahitaji kompyuta ya Windows, kwa kuwa programu nyingi za vifaa hivyo ni za Windows na vingi bado vinataka tundu la siriali la pini 9. Moja inatosha, na hapo Panasonic Toughbook au Getac iliyotumika ni sawa, ila iwe inayokubali Windows 11, maana msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa Intel, hiyo ni kizazi cha 8 kwenda juu. Kabla hujalipa, endesha amri *powercfg /batteryreport* uone betri imebakiza kiasi gani cha uwezo wake wa awali.

Usinunue sita kwa mkupuo. Chukua viwili, kimoja lori, kimoja pikipiki, wiki nne. Hizo ndizo sehemu mbili katili kuliko zote. Vikipona hapo, magari mengine hayatavisumbua. Vishikwambi vya kawaida vilivyobaki, kama vile aina ya vile vya Sensa ya 2022, vivike jaketi nene mviache kwa kazi za mjini, ila mkumbuke jaketi linalinda pembe tu. Halilindi tundu la chaji na linabana joto ndani.

Siku ya kupokea mzigo, piga *#06# kwenye kila chenye laini ya simu, linganisha IMEI (namba ya utambulisho wa kifaa) na ya kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe kwenda 15090 uone kama TCRA inaitambua. Hakikisha kinashika 4G za megahezi 700, 800 na 1,800, yaani bendi 28, 20 na 3. Vifaa vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani mara nyingi hukosa mbili za kwanza, nazo ndizo zinazofika mbali vijijini. Fungua na ufunge kila kifuniko cha mpira, pitisha kidole kwenye ukingo wa mpira wa betri kuona kama kuna unywele au mchanga, na usisaini hati ya kupokea kabla kifaa hakijakaa kwenye kitako cha lori, injini inawaka, asilimia zikipanda.